Kisiwa cha Maziwe na Miti Yake

Wasomaji wetu wa pwani, hasa wale wa Bagamoyo, Saadani na Pangani, wamezoea kuona visiwa vidogo visivyo na watu kila watazamapo baharini, hata pengine hawaulizi habari zake. Kisiwa kisicho na kisima, wala shamba, wala kaburi la mzee anayejulikana, watu wengi hukihesabu kuwa si kitu. Leo twataka kueleza habari za kimoja cha namna hiyo, kiitwacho Maziwe, na wengine husema Maziwi. Wako watu walio hai hata sasa waliolala katika kivuli cha mivinje yake. Lakini leo maji ya bamvua yakijaa, nahodha aweza kupitisha ngalawa yake juu ya mahali palipokuwa na mwitu.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa visiwa vyetu si vya namna moja. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa jahazi kwenda kaskazini hupita Bongoyo mbele ya Msasani, kisha Pangavini kilicho kidogo sana, kisha Mbudya mbele ya Kunduchi, na baadaye hufika Fungu Yasini. Bongoyo na Mbudya ni visiwa vya jiwe. Jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale yaliyoota chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, na wataalamu wa mawe huyahesabu kuwa na umri wa miaka zaidi ya laki moja. Bahari iliposhuka, matumbawe yale yakabaki juu, yakafa, yakawa mwamba mgumu. Ukikaribia kisiwa cha jiwe utaona kingo zake zimeliwa na mawimbi kwa chini, hata juu pametokeza kama upenu wa nyumba. Bahari humla huyu polepole sana, na mtu hawezi kuona tofauti katika maisha yake.

Fungu Yasini ni habari nyingine. Jina lenyewe lasema: ni fungu, yaani mchanga uliokusanyika juu ya mwamba wa matumbawe. Na ukizidi kwenda kaskazini, ukapita Mwambakuni mbele ya Bagamoyo, ukapita midomo ya Ruvu na Wami, ukaiacha Saadani na Mkwaja upande wa kushoto, utafika mbele ya Ushongo. Hapo, yapata maili 5 au 6 kutoka nchi kavu, kusini-mashariki ya mdomo wa Mto Pangani, ndipo palipo Maziwe. Nacho pia ni kisiwa cha mchanga mtupu juu ya mwamba. Hakina jiwe la kukishika.

Labda msomaji atauliza, mchanga ule ulitoka wapi, maana mto uko mbali? Mchanga wa Maziwe haukuletwa na Mto Pangani. Mchanga wa mto huwa na rangi ya udongo, na huu ni mweupe, na ukiutazama sana kiganjani utaona vipande vya makombe, vya matumbawe na vya mimea migumu ya baharini. Baharini kiwanda chake ni mwamba wenyewe. Mawimbi huvunja matumbawe, na samaki wengine huyatafuna. Kila mvuvi amjua pono, yule mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Pono huguguna mwamba apate kula majani yaliyoota juu yake, na jiwe alilolimeza hulitoa nyuma likiwa unga mweupe. Basi sehemu si ndogo ya fukwe nyeupe tunazozisifu imepita katika tumbo la samaki. Mawimbi yaendayo upande huu na upande huu wa mwamba huzoa mchanga huo na kuuweka pale yanapokutana, na hapo fungu huzaliwa.

Lakini fungu halikai. Wakati wa Kusi mawimbi hulisukuma kuelekea kaskazini na magharibi. Kaskazi ikivuma hulirudisha. Tena maji ya pwani yetu hupanda na kushuka sana: siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa yakaribia mita 4, yaani zaidi ya vimo viwili vya mtu mzima. Ili fungu liwe kisiwa lahitaji kitu cha kulitia utulivu, na kitu hicho ni mimea. Mitambaazi ya pwani isiyoogopa chumvi hutangulia, nayo hukamata mchanga unaopeperushwa na upepo. Mchanga ukiinuka kidogo, vichaka hufuata. Mwisho huja miti. Maziwe mti wake mkubwa ulikuwa mvinje.

Mvinje twaujua sote kwa sauti yake upepo unapovuma. Waweza kuota mahali ambapo mnazi utadhoofika, maana hustahimili chumvi, na mizizi yake ina namna ya kujipatia chakula katika mchanga usio na rutuba. Twakiri kwamba mvinje mmoja peke yake ufukweni si mlinzi hodari. Mizizi yake mingi huenda kwa upana kuliko kwenda chini, na mawimbi yakichimba mbele yake utauona umelala. Nguvu yake ni katika wingi. Mivinje mingi pamoja na vichaka chini yake hufunga mchanga kama mishono ya mkeka, na majani yake makavu yaangukayo hufunika ardhi upepo usiichukue.

Maziwe hapakuwa na mji, na sababu yake ni nyepesi: hapakuwa na maji ya kunywa. Lakini kisiwa kisicho na mji si kisiwa kisicho na historia. Pwani hii ya Pangani na Bagamoyo imefanya biashara ya baharini tangu zamani mno. Baharia mmoja aliyeandika kwa Kiyunani huko Misri, yapata miaka 1,900 na zaidi iliyopita, aliitaja bandari ya pwani yetu iliyoitwa Rhapta, iliyouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Wataalamu hawajapatana mahali pa Rhapta: wengine hudhani ilikuwa karibu na Pangani, wengine karibu na Dar es Salaam au Rufiji. Mahali popote ilipokuwa, magamba yale mazuri yatokana na ng'amba, naye ng'amba hutaga mayai katika fukwe tulivu zisizo na watu. Biashara hiyo iliendelea karne nyingi. Siku hizi kuyauza ni marufuku.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mji wa misafara iliyokwenda bara, kama Bagamoyo ilivyokuwa kwa njia ya Tabora na Ujiji. Burton na Speke walifika Pangani mwaka 1857 katika safari yao ya kwanza ya kuelekea Usambara, kabla hawajaondoka pwani ya Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makuu. Na hapo Pangani ndipo vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipoanza mwezi wa Agosti 1888, na hapo ndipo Abushiri mwenyewe alipotundikwa Desemba 1889. Majahazi, mashua na meli za vita zilipita na kupita mbele ya Maziwe, na hapana aliyekigombea. Waliokitumia walikuwa wavuvi.

Wavuvi wetu wana desturi ya dago. Samaki wanapokuwa wengi mahali fulani, watu huhama na vyombo vyao, wakafanya kambi ufukweni kwa majuma kadhaa, na wakati ukipita hurudi kwao. Kisiwa chenye kivuli karibu na mwamba ni mahali pema pa dago. Mvuvi aliyepata samaki mchana naye yuko mbali na soko hana budi kuwakaanga au kuwabanika, ama sivyo wataoza; na hilo lataka kuni. Tena mvinje, kwa bahati mbaya yake, ni kuni bora sana: mti mzito, wenye moto mkali, huwaka hata ukiwa haujakauka vema. Na nguzo zake zafaa kujengea. Wachache walipokata tawi moja moja kisiwa kilistahimili. Lakini miti ilizidi kukatwa, na katika miaka ya 1970 mwitu wa Maziwe uliondoka.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo kila mwenye madaraka ya kutoa amri yampasa kulitafakari. Mwaka 1975 Serikali ilitangaza Maziwe kuwa eneo tengefu la bahari, pamoja na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, kwa nguvu ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970. Tangazo lilikuwa jema. Wataalamu wa kasa walikuwa wameona kwamba Maziwe palikuwa mahali pakuu pa kutagia mayai katika pwani yote ya Tanzania: kasa wa kawaida wengi, na pia ng'amba na kigome. Lakini tangazo lilikaa katika karatasi, na mashoka yakakaa kisiwani. Hapakuwa na askari wa kulinda, wala mashua ya kumpeleka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, yaani miaka isiyozidi kumi baada ya kutangazwa, hapakuwa tena Maziwe na nchi kavu wakati wa maji makuu. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, iliyoleta idara maalumu ya kazi hiyo, ilitungwa mwaka 1994. Kisiwa kilikuwa kimekwisha ondoka.

Watu hubishana juu ya sababu. Katika taarifa nyingi, hata za Serikali, Maziwe hutajwa pamoja na Fungu la Nyani la Rufiji kuwa visiwa vilivyozamishwa na bahari iliyopanda kwa ajili ya joto la dunia. Hatukatai kwamba bahari yapanda. Katika dunia nzima imepanda kama sentimeta 20 tangu mwaka 1900, na mwendo wake waongezeka. Lakini kufikia miaka ya 1980 upandaji huo ulikuwa haujafika shubiri moja, nayo shubiri ni kitu kidogo mahali ambapo maji hupanda mita 4 katika saa sita. Tena kipimo cha maji cha Unguja kilianza kuandikwa mwaka 1984, kisiwa kilipokuwa kimekwisha zama, na hesabu zake za miaka ya mwanzo hazikuonyesha maji kupanda. Kwa maoni yetu, shoka lilitangulia. Bahari ikiongezeka kidogo kidogo humchelewesha mgonjwa kupona, lakini aliyemjeruhi alikuwa mwingine. Twasema hivi kwa kuwa jibu hili lina faida: bahari ya dunia nzima kijiji kimoja hakiwezi kuiamuru ishuke, bali miti ya fungu la mbele yake chaweza kuilinda.

Wala tusiwatwike wavuvi wa dago lawama yote. Wako waliovua kwa baruti, na hao waliharibu kiwanda chenyewe cha mchanga. Baruti moja huua samaki wote wa mahali pale, wakubwa na wadogo, na pono miongoni mwao, na matumbawe yaliyoota kwa miaka mingi hugeuka kifusi. Mwamba uliovunjika hauzuii mawimbi, wala hautengenezi mchanga mpya vizuri. Uvuvi huo ulikatazwa na sheria ile ile ya 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi katika pwani yetu. Kisha mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki yaligeuka meupe na kufa.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili hahitaji kwenda Pangani. Na achukue karai mbili pana. Katika kila moja atengeneze kilima cha mchanga wenye kiasi sawa. Katika kimoja apande majani mafupi yenye mizizi mingi, ayanyweshe kwa majuma matatu au manne hata yashike. Kisha atie maji katika karai zote mbili mpaka nusu ya kilima, ayatikise kwa kipande cha ubao, polepole, kama mawimbi. Watoto wahesabu ni mara ngapi hata kilima kisicho na majani kienee chini ya karai, na watazame cha pili kina hali gani wakati huo. Akitaka kuzidisha somo, aweke safu ya mawe mbele ya kilima kimoja yafanye kazi ya mwamba. Wanafunzi wa pwani wataelewa haraka; na wa bara wataona kuwa ni habari ile ile ya kingo za mto na za makorongo.

Wale walio karibu na Dar es Salaam wanao mfano mwingine. Ufukwe wa Kunduchi umeliwa na bahari tangu miaka ya 1970 na 1980, hata majengo ya hoteli yameanguka. Moja ya sababu zilizotajwa ni kuchimba mchanga wa kujengea katika vijito vinavyoshuka baharini hapo, kwa maana ufukwe usioletewa mchanga mpya hula akiba yake. Kaole, karibu na Bagamoyo, mambo yalikuwa kinyume: tope na mikoko viliziba bandari ya kale, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mchanga na tope vina njia zao, na mtu akizibadili bila kujua aweza kupoteza bandari, au nyumba.

Turudi kwa kasa, maana yeye ndiye aliyepata hasara kubwa. Kasa jike hutaga mayai mia na zaidi katika shimo moja, na katika msimu mmoja hutaga mara kadhaa. Kisha huenda zake, asirudi ila baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Mayai hukaa mchangani siku 55 hadi 60. Huko ndani yahitaji hewa, kwa kuwa yai hupumua kupitia ganda lake. Maji ya chumvi yakilifunika kwa muda, mtoto hufa. Tena joto la mchanga ndilo liamualo jinsi ya watoto: mchanga wa kivulini, wenye joto la chini ya digrii 29 hivi, hutoa madume wengi, na mchanga wa juani hutoa majike. Basi mivinje ya Maziwe ilikuwa na kazi ambayo hakuna mkata kuni aliyeijua.

Na kasa humkumbuka mama yake kwa namna moja tu, yaani hurudi kutaga katika pwani zile alikozaliwa. Hufanya hivyo akiwa mtu mzima, na utu uzima wake wachelewa sana, miaka 25, au 30, au zaidi. Fikirini basi: watoto walioanguliwa Maziwe katika miaka ya mwisho ya mivinje walianza kurudi wakiwa wakubwa baada ya mwaka 2000. Walikuta fungu tupu. Walipanda usiku maji yalipopwa, wakachimba, wakataga, wakarudi baharini. Na bamvua iliyofuata ikafunika mashimo yao.

Kwa ajili hiyo wenyeji wa Ushongo, pamoja na wenye nyumba za wageni wa huko, walianza kazi ya kuhamisha mayai. Mlinzi huenda kisiwani, hutafuta nyayo za kasa zilizo kama njia ya gurudumu pana, hufukua shimo kwa mikono, na kuyatia mayai katika ndoo yenye mchanga. Kazi hii yataka haraka na uangalifu, maana baada ya saa chache kiini hujishikiza kwa ndani ya ganda, na yai likigeuzwa juu chini baada ya hapo huharibika. Mayai hupelekwa ufukweni Ushongo, huchimbiwa mashimo mapya yenye kina kama cha yale ya kwanza, na kuwekewa ulinzi dhidi ya mbwa na watu. Siku ya kuanguliwa, watoto wa shule huenda kutazama. Kusini kidogo, katika ufukwe wa Madete ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa hutaga wenyewe bila kuhamishwa, kwa kuwa pale mchanga bado una miti nyuma yake.

Maziwe penyewe fungu bado hujitokeza maji yakipwa, jeupe kabisa, na kila msimu umbo lake ni jingine. Wageni hupelekwa huko kwa mashua kutazama samaki wa mwambani. Nahodha huwapa saa ya kurudi, na hawajadiliani naye: maji yakianza kujaa, pa kusimama hapakawii kwisha.